Sahihi kwa nani, sahihi kwa kazi gani? Hotuba kuhusu vipimo vya saikolojia

Ndugu zangu walimu, wazazi, na nyinyi wenzangu mnaofanya kazi ya ushauri nasaha, asanteni kwa kuniita. Nimeombwa nijibu swali ambalo karibu kila mzazi huniuliza nikishamaliza kumpima mwanawe: "Hiki kipimo ni sahihi kweli?" Kwa miaka mingi nilikuwa najibu "ndiyo" papo hapo. Nilikuwa nimesoma kitabu cha maelekezo, nimeona majedwali, nimeona kwamba maelfu ya watoto walipimwa kabla kipimo hakijachapishwa. Leo sijibu hivyo tena, na aliyenibadilisha si profesa. Ni binti wa miaka 9.

Aliletwa kwangu kwa sababu shuleni alionekana mzito. Alikuja na daftari lake, akaliweka mezani, akalinyoosha mpaka likawa sambamba na ukingo wa meza. Nikaanza sehemu ya maneno. Mpimaji hutaja neno, mtoto hueleza maana yake. Maneno ya mwanzo aliyajibu vizuri, kwa sauti ndogo. Yalipoanza kuwa magumu kidogo, akawa ananyamaza, anapitisha kidole kwenye ukingo wa daftari, kisha anasema, "Sijui." Nikaandika sifuri. Neno linalofuata: "Sijui." Sifuri. Vipimo vya namna hii vina kanuni ya kusitisha: mtoto akikosa mara kadhaa mfululizo, unaacha na kwenda sehemu nyingine, ili usimchoshe kwa maswali yaliyomzidi. Nikasitisha. Hata yale maneno ya mbele zaidi sikumuuliza. Sehemu ya maarifa ya jumla ikawa hivyo hivyo. Mwisho wa siku nikajumlisha alama, na zilikuwa chini sana.

Nilipokuwa narudisha kadi kwenye sanduku, nikamuuliza tu, kwa mazungumzo, lile neno lililomshinda kwanza alidhani lina maana gani. Akanieleza. Alikuwa sahihi kabisa. Nikamuuliza la pili, akalipata pia. La tatu akalikosa kidogo. Nikamwambia, "Mbona hukusema tulipokuwa tunafanya?" Akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo la wazi. "Sikuwa na hakika. Bibi amenikataza kusema jambo nisilo na hakika nalo."

Sasa niambieni, kipimo kile kilikuwa sahihi? Kilitengenezwa na watu makini, nami sikuvunja maelekezo hata moja. Lakini namba niliyokuwa nayo mkononi haikuwa kiasi cha maneno anayoyajua. Ilikuwa imechanganyika na malezi mema ya bibi yake. Kipimo kinamlipa anayethubutu kukisia, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa kukisia kunaruhusiwa. Mimi nilipaswa kumwambia.

Katika fani yetu tuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya: uthabiti na uhalali. Uthabiti ndio rahisi, nitaupitia kwa haraka. Kipimo thabiti hutoa majibu yanayokaribiana kila unapopima kitu kile kile. Ukimpima mtu leo na wiki mbili baadaye, naye hajabadilika, alama zisipishane mno. Wapimaji wawili wakisahihisha karatasi moja, wasitofautiane. Maswali yanayodai kupima jambo moja yaende pamoja. Hilo la mwisho hupimwa kwa alfa, fomula iliyopata umaarufu kupitia makala ya Lee Cronbach ya mwaka 1951, na wanafunzi wengi wa utafiti wakiona alfa yao imefika 0.7, pale ambapo 1 ndiyo ukamilifu, huona kazi imekwisha. Haijaisha. Mchukulieni fundi wa nguo ambaye utepe wake umekatika sentimita 3 za mwanzo, naye hajatambua. Akipima kiuno chako mara 10 atapata namba ile ile mara 10. Utepe wake ni thabiti, hauna shaka. Na gauni litakupwaya.

Uhalali ni swali zito zaidi: namba hii inaniruhusu kusema nini juu ya mtu huyu, na kumfanyia nini? Mwaka 1955 Cronbach na mwenzake Paul Meehl waliandika makala iliyobadilisha namna tunavyofikiri. Akili, wasiwasi, ujasiri, hivi si vitu vya kushikika ili uviweke pembeni mwa kipimo na kulinganisha. Unachoweza kufanya ni kukusanya ushahidi wa aina nyingi na kuona kama unakubaliana: je, alama zinaenda pamoja na mambo zinayotakiwa kwenda nayo? Je, hazifuatani na yale yasiyohusika? Baadaye wataalamu, Samuel Messick akiwa mstari wa mbele, walikaza kwamba uhalali haumo ndani ya karatasi ya kipimo. Umo katika tafsiri tunayoitoa na matumizi tunayoyafanya. Kwa hiyo mtu akiniambia "kipimo hiki kimethibitishwa," nami namuuliza: kwa nani, na kwa kazi gani?

Historia ya fani yetu ina mfano mchungu wa swali hilo kutoulizwa. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kushughulikia watoto walioshindwa kufuatana na wenzao darasani. Mwaka uliofuata, 1905, Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa kipimo cha maswali 30. La kwanza lilikuwa jepesi kabisa: mtoto anafuata kwa macho mwanga wa kiberiti? La mwisho lilidai aeleze tofauti ya maneno ya dhahania. Kusudi lilikuwa moja, kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee ili wasaidiwe. Binet mwenyewe alipinga vikali wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa ambacho hakiwezi kuongezeka. Alifariki mwaka 1911.

Kipimo kikavuka bahari, kusudi likabaki nyuma. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Robert Yerkes na wenzake walitengeneza vipimo viwili vya jeshi, Alfa na Beta, na wanaume wapatao 1,700,000 wakapimwa. Beta ilikuwa ya wasiojua kusoma au wasiojua Kiingereza, kwa hiyo haikutumia maandishi. Mtu alionyeshwa picha zenye kitu kilichopungua, naye achore kilichokosekana. Nataka mzitazame picha mbili tu. Uwanja wa tenisi usio na wavu. Gramafoni isiyo na pembe la kutolea sauti. Jiwekeni katika nafasi ya kijana aliyeshuka melini juzi, aliyekulia shambani, hajawahi kuona tenisi ikichezwa, hajawahi kukaa chumba kimoja na gramafoni. Amekaa ukumbini na umati wa wenzake, amri zinatolewa kwa ishara za mikono, muda unakwenda. Anaitazama picha, haoni kilichopungua. Anapewa sifuri. Na Yerkes alidai kwamba kinachopimwa ni akili ya kuzaliwa nayo.

Matokeo yale yalitumiwa miaka ya 1920 na watu waliotaka kuwafungia milango wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya. Hesabu zilikuwa safi, majedwali yamepangika. Wahamiaji walioishi Marekani miaka mingi walipata alama za juu kuliko waliofika karibuni, na hilo peke yake lingetosha kuwaonyesha wasomi wale kwamba kinachopimwa ni mazoea ya nchi ngeni. Wengine wakalieleza kinyume: wakasema wanaokuja siku hizi wana akili kidogo kuliko waliotangulia. Nikilisoma hilo hadi leo roho inaniuma, maana ushahidi ulikuwa mbele yao.

Msidhani mambo haya yaliishia karne iliyopita. Linalotukabili sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili ni tafsiri. Madodoso mengi tunayotumia yaliandikwa kwa Kiingereza. Nimeshika mkononi dodoso la sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, lililouliza: "Je, unajisikia chini?" Chini wapi? Mama niliyemsomea swali lile alitazama sakafu, kisha akasema hapana. Nikamuuliza kwa maneno yangu kama moyo wake ni mzito, kama hana raha. Machozi yakamtoka kabla hajajibu. Au chukueni neno "mawazo". Mtafsiri anayefuata kamusi huona kila mtu ana mawazo, basi swali halina maana, analifuta. Lakini sisi tunajua mtu akisema "nina mawazo" anatuambia nini, na tunajua anayesema "nawaza sana, silali" hasifu akili yake.

Kuna utaratibu unaoaminiwa sana wa kukagua tafsiri. Mtu wa kwanza anatafsiri kwa Kiswahili, wa pili anairudisha kwa Kiingereza bila kuona maandishi ya awali, kisha wanalinganisha. Ni utaratibu mzuri, nami nautumia. Ila una tundu ambalo halisemwi vya kutosha. "Unajisikia chini" inarudi Kiingereza bila kasoro yoyote, kwa sababu ilikuwa Kiingereza tangu mwanzo, imevaa tu nguo zetu. Kadiri tafsiri inavyokuwa ya neno kwa neno ndivyo inavyofaulu ukaguzi huo. Dawa yake ni kukaa na watu 10 au 15, mmoja mmoja, unamsomea swali na kumwomba akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Inachosha na inachukua siku nyingi, na kwa maoni yangu hakuna dodoso linalostahili kumwamulia mtu jambo kabla hatua hiyo haijapitiwa.

Sasa niseme kuhusu namba yenyewe, maana hapa ndipo watu huumizwa. Charles Spearman alishaonyesha mwaka 1904 kwamba kila kipimo cha mambo ya akili kina kosa ndani yake. Alama unayoiona ni hali halisi ya mtu pamoja na kosa: usingizi aliokosa, swali alilobahatisha, mpimaji aliyesoma haraka. Uzuri ni kwamba ukubwa wa kosa hilo unaweza kukadiriwa. Vipimo vingi vya akili vina wastani wa 100 na mchepuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za watu kwa kawaida hutawanyika kutoka kwenye wastani, wa 15. Kipimo kikiwa na uthabiti wa 0.91, ambao ni wa juu, kosa sanifu la alama moja, yaani kadirio la kiasi inachoweza kupanda au kushuka kwa makosa ya kipimo peke yake, ni kama 4.5. Kwa hiyo mtoto aliyepata 71, tukitaka kuwa na hakika kwa asilimia 95, tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba yuko mahali fulani kati ya 62 na 80. Ni masafa marefu kuliko wengi wanavyodhani, na hicho ni kipimo kizuri.

Namba 71 sikuiokota hovyo. Huko Florida, Marekani, Freddie Lee Hall alikuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji ya mwaka 1978. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imekataza kuwanyonga watu wenye ulemavu wa akili. Florida ikaweka mpaka: asiyeonyesha alama ya 70 au chini yake haruhusiwi hata kuleta ushahidi mwingine wa ulemavu wake. Alama ya chini kabisa ya Hall iliyokubaliwa na mahakama ilikuwa 71. Katika miaka 40 alikuwa amepimwa mara 9, na alama zake zilicheza kati ya 60 na 80. Mtu yule yule! Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema mpaka huo mkavu unakiuka katiba kwa sababu unapuuza kosa la kipimo. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba ulemavu wa akili ni hali, si namba. Mwaka 2016 Hall akaondolewa hukumu ya kifo. Nawasihi mliangalie jambo hilo vizuri: jedwali dogo linalokaa kurasa za nyuma za kitabu cha maelekezo, ambalo wapimaji wengi hatulifungui, lilibeba uhai wa mtu.

Darasani hatunyongi mtu. Lakini tunapeleka watoto huku na kule kwa tofauti ya alama 2.

Kuna jambo lingine lililonichukua muda mrefu kulielewa, nami nitalieleza kwa hesabu, mnivumilie. Mnalijua dodoso la PHQ-9, lililotolewa mwaka 2001. Maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja kuanzia 0 hadi 3, jumla 27, na mara nyingi 10 huchukuliwa kuwa mpaka wa kumtilia mtu shaka ya sonona. Sasa tuseme tuna dodoso lolote la aina hiyo, linalowakamata 90 katika kila wagonjwa 100, na linalowaachia kwa haki 90 katika kila wazima 100. Linasikika kuwa bora. Tulipeleke mahali penye watu 1,000 ambapo 50 tu wana sonona. Litakamata 45 katika hao 50. Katika wazima 950, asilimia 10 watanaswa kimakosa, yaani 95. Jumla walionaswa ni 140, na wagonjwa wa kweli ni 45 tu. Katika kila watu watatu tuliowaambia wana dalili, wawili hawana ugonjwa.

Dodoso lile lile tulichukue kwenye kliniki ya afya ya akili, ambako katika watu 1,000 wanaoingia, 500 wana sonona. Litakamata wagonjwa 450 na kunasa wazima 50. Hapo asilimia 90 ya walionaswa ni wagonjwa kweli. Karatasi haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele yake. Meehl, yule niliyemtaja, aliwaonya wanasaikolojia juu ya jambo hili, pamoja na Albert Rosen, mwaka ule ule wa 1955. Kwa hiyo anayepitisha dodoso shule nzima kisha kuwaita wazazi na kuwaambia "mwanao ana sonona" amekosea kazi. Anachoweza kusema ni kwamba mtoto huyu anahitaji kukaa na mtu aliyesomea, waongee.

Wengine huniambia, "Lakini mimi nilifanya kipimo cha haiba kwenye simu, na kilinieleza nilivyo!" Siwalaumu, inavutia sana kuona umeelezwa. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha kila mmoja akapewa maelezo yake na kuombwa atoe alama kuanzia 0 hadi 5, yanamfaa kiasi gani. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafunulia: wote walipewa maelezo yale yale, mengi aliyachota kwenye kitabu cha unajimu. Yalikuwa maneno kama kwamba unahitaji watu wakupende, na kwamba huwa unajikosoa. Nani hana hayo? Kuguswa na maelezo si ushahidi kwamba kipimo kinajua kitu juu yako, na wapimaji wenyewe hudanganyika kwa njia hiyo hiyo wanapoona mteja anatikisa kichwa kukubali.

Basi mkiletewa ripoti ya kipimo, naomba mwulize mambo machache bila kuona haya. Kipimo hiki kilijaribiwa kwa watu wa aina gani, na mwanangu ni mmoja wao? Kilitengenezwa kufanya kazi gani, na hapa mnakitumia kwa kazi ipi? Namba hii inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi gani kwa makosa ya kipimo peke yake? Alipimwa kwa lugha anayoiota? Na kabla ya kumwamulia, mmemtazama akiwa darasani, mmeongea na anayeishi naye? Mpimaji mwenye kujali kazi yake hatakasirika. Akikasirika, ripoti hiyo isomeni kwa tahadhari.

Mnataka kujua yule binti aliishia wapi. Sikuweza kumpa kipimo kile kile kesho yake, kwa kuwa mazoezi yenyewe hupandisha alama na ningekuwa najidanganya. Na majibu aliyonipa wakati nafunga sanduku hayahesabiwi kwa kanuni. Ripoti ya kwanza sikuituma. Niliandika nilichokiona, kwamba alama haziwezi kutafsiriwa, nikamwomba mwenzangu ampime baada ya miezi kadhaa kwa kipimo kingine, baada ya kumweleza jambo la bibi. Alama zake zikawa za kawaida, za mtoto wa kawaida wa umri wake. Uzito wa darasani ulikuwa na sababu ile ile: mwalimu akiuliza, yeye alikuwa akisubiri hakika.

Siku hizi, kabla ya swali la kwanza, naweka kalamu chini na kumwambia kila mtoto hivi: "Nyumbani labda wamekufundisha usiseme usilo na hakika nalo, na wamekufundisha vizuri. Hapa, kwa saa hii moja tu, nakuomba uniambie hata unachokikisia." Kisha nangoja anijibu kwa mdomo wake kwamba amenielewa, ndipo nachukua kalamu.